Nairobi au Mombasa? Usiamue kabla ya siku ya tatu

Mpenzi msomaji, kama umewahi kupewa barua na mwajiri wako ikikutaka ufunge virago uhamie mji mwingine, basi sina haja ya kukueleza jinsi usingizi unavyopaa. Na kama hujawahi, nakuomba unipe sikio kidogo, maana barua kama hiyo haibishi hodi.

Kwetu ilifika Februari 2023. Mume wangu ni karani katika kampuni moja ya kuondoa mizigo bandarini. Kwa miaka kadhaa alikuwa akifanya kazi Embakasi, kwa sababu makontena mengi yalikuwa yakiletwa Nairobi kwa reli mpya na kushughulikiwa huku. Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli hizo zirudishwe katika bandari ya Mombasa. Watu wa Pwani walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia kwani kazi zao zilikuwa zimewaponyoka. Sisi wa mtaa wa Umoja tulitazama runinga, tukanyamaza. Miezi mitano baadaye mume wangu akapewa barua ya mistari minne: aripoti Mombasa katika muda wa siku 14.

Tulifanya kama wafanyavyo wengi. Yeye akatangulia, akapanga chumba kimoja Mikindani. Mimi na mwanetu wa pekee, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita, tukabaki Umoja. "Ni kwa muda tu," tuliambiana. Muda huo ulikuwa mwezi, ukawa muhula, ukawa mwaka.

Kila baada ya majuma mawili alipanda treni ya usiku siku ya Ijumaa, akashuka Syokimau alfajiri ya Jumamosi, na Jumapili alasiri akarudi alikotoka. Ukitoa saa za kulala na za kufua nguo, mtoto alimwona babaye kwa muda usiozidi wa mchezo mmoja wa kandanda na mapumziko yake.

Jumapili moja ya Januari 2024 mume wangu alikuwa amekaa sebuleni akipiga viatu rangi. Mwanetu alikuwa sakafuni na vitabu vyake. Akainua kichwa, akaniuliza mimi, si yeye: "Mama, baba anarudi kwake lini?"

Kwake! Msomaji, neno hilo lilinichoma kama pasi. Mtoto hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa akiuliza kama anavyouliza habari za mjomba au za mgeni yeyote anayekuja na mkate na kuondoka. Burashi ilisimama mkononi mwa mume wangu. Alicheka kidogo, akaendelea na kiatu cha pili. Lakini nilipomsindikiza hadi kituo cha matatu hakuzungumza lolote mpaka gari lilipofika. "Umesikia mtoto alivyosema," aliniambia, akapanda.

Daftari la safu mbili

Alipokuja tena tuliketi mezani usiku mtoto akiwa amelala. Mume wangu akachukua daftari, akapiga mstari katikati. Upande mmoja akaandika Nairobi, upande wa pili Mombasa. Kila jambo jema lingepata alama moja.

Nairobi ilianza kwa kishindo. Hapa ndipo nilipokuwa na ajira ya mshahara. Hapa ndipo mwanetu alipokuwa na shule aliyoizoea. Hapa ndipo alipo mama yangu, Kariobangi Kusini, ambaye ana maradhi ya sukari na ambaye nilikuwa nikimpeleka kliniki kila mwezi. Kazi za uandishi ni nyingi zaidi, kwa kuwa mji wenyewe ni mkubwa: sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 4.3 Nairobi, na milioni 1.2 Mombasa. Hali ya hewa nayo ni ya baridi ya wastani, kwani mji umekaa zaidi ya meta 1,600 juu ya bahari. Mboga ni rahisi. Ndugu na jamaa wako karibu.

Mombasa ilipata alama kwa kazi ya mume wangu, kwa kodi nafuu ya nyumba, kwa samaki, kwa bahari, na kwa utulivu ambao kila mtu wa bara huusifu.

Kisha tukapiga hesabu ya kuwa na nyumba mbili. Kodi ya Umoja, shilingi 20,000. Chumba cha Mikindani, 7,500. Nauli ya treni daraja la kawaida ilikuwa shilingi 1,000 alipoanza kusafiri. Januari hiyo ya 2024 ikapandishwa hadi 1,500. Kwenda na kurudi mara mbili kwa mwezi kukawa kunameza 6,000. Jumla 33,500, kabla hatujanunua hata kibiriti. Tulitazamana. Tulikuwa tukilipa fedha zote hizo ili tusiishi pamoja.

Hata hivyo alama zilipojumlishwa, Nairobi ilikuwa na nane na Mombasa tano. "Nairobi imeshinda," nikasema, na sifichi kwamba nilifurahi.

Mume wangu alilifunga daftari. "Wewe," akasema, "unaijua Nairobi ya Jumatatu na Mombasa ya Desemba."

Nilitaka kubisha, nikakosa la kusema. Mombasa niliyokuwa nikiipa alama ni ile ya likizo, ya mchanga na kofia. Na Nairobi niliyoipa alama nane ni ile niliyoizoea kiasi kwamba sikuona tena inanigharimu nini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikaomba likizo ya juma moja mwezi wa Machi, nikamwacha mtoto kwa mama yangu, nikapanda treni kwenda kushika jembe.

Siku mbili za ugeni

Siku mbili za kwanza sitazisimulia sana, maana wewe mwenyewe unazijua. Tulikula viazi karai kwa ukwaju, tukanywa madafu katika bustani ya Mama Ngina, tukatazama meli zikiingia mlangoni mwa bandari. Jua lilipotua upepo ukavuma, nikamwambia mume wangu kwamba sijui tumekuwa tukingoja nini. Yeye alitabasamu tu. Alijua keshokutwa inakuja.

Siku ya tatu ilikuwa Jumatatu. Niliamka saa kumi na moja alfajiri nikiwa nimelowa jasho kana kwamba nimenyeshewa. Machi ndio wakati Mombasa inapochemka. Mchana joto hufika nyuzi 32 au 33, na unyevu wa hewa hukufanya uhisi umefunikwa blanketi bichi. Nilichemsha chai, nikaonja, nikaitema. Ilikuwa na chumvi.

"Hayo ni ya kisima," mume wangu akasema. "Ya kunywa yako kwenye mtungi."

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza. Maji matamu ya Mombasa hutoka mbali: mengine katika chemchemi za Mzima huko Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200, na mengine Baricho kando ya mto Sabaki. Yakifika mjini hayatoshi watu wote. Kwa hiyo mfereji hutoa maji siku chache, na siku zilizobaki mwenye mkokoteni hupita na mitungi ya lita 20, naye bei yake hupanda kadiri ukame unavyozidi. Ya kufulia na kuoshea ni ya kisima, na sabuni haitoi povu ndani yake. Nikafungua daftari, nikafuta alama moja ya Mombasa kwa kalamu nyekundu.

Kisha nikapanda matatu pamoja na mume wangu kwenda mjini, kama mtu anayekwenda kazini. Nilikuwa nimeambiwa Mombasa haina msongamano wa magari. Asikudanganye mtu! Kuanzia Changamwe tulikaa nyuma ya malori ya makontena yaliyojipanga kama ng'ombe mnadani, kila moja likinguruma na kutema moshi. Kumbuka kwamba Mombasa yenyewe ni kisiwa. Wanaotoka magharibi hupitia Makupa, wanaotoka kaskazini hupitia daraja la Nyali, na wa kusini huvuka kwa feri pale Likoni. Mlango mmoja ukiziba, watu hukaa nje wakingoja. Tulitumia dakika 55. Nikafuta alama nyingine.

Lakini haki ni haki, msomaji. Dakika 55 zilikuwa ndiyo siku mbaya. Jioni ya siku hiyo hiyo mume wangu alitoka kazini Shimanzi saa kumi na moja unusu, na kabla ya saa moja ya usiku alikuwa ameshavua viatu, amekaa barazani. Nilitazama saa yangu mara mbili.

Bi Mkubwa wa barazani

Katika nyumba ile waliishi wapangaji sita, na mama mmoja mzee ambaye wote walimwita Bi Mkubwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama kwa makini.

"Ndiwe mkewe?"

"Ndimi, Bi Mkubwa."

"Karibu mwanangu. Huyu bwana twamuona yuwaenda yuwarudi peke yake. Jioni hukaa papa hapa akawasikiza watoto wa watu wakisoma. Tulidhani hana mtoto."

Alisema hivyo kwa upole, akaendelea kuchambua mchicha wake. Mimi nilibaki pale nimesimama na sahani mkononi. Umoja mwanangu alidhani babaye ana kwake. Mikindani majirani walidhani mume wangu hana mtoto. Na sisi wawili tulikuwa tumekaa mezani tukigawa alama kwa ajili ya samaki na hali ya hewa.

Siku zilizobaki nilizitumia kutafuta nyumba. Dalali mmoja alinizungusha kwa tuktuk mji mzima. Kizingo kuna nyumba nzuri zenye upepo wa bahari, ila kodi yake ilinifanya niombe maji ya kunywa. Bamburi ni kuzuri na kuna shule, lakini mume wangu angelazimika kugombana na daraja la Nyali kila asubuhi. Likoni kodi ni nafuu, na mtu wa miguu halipi chochote kwenye feri. Hata hivyo maisha yako huenda kwa saa ya feri, si kwa saa yako. Isitoshe, mimi nililelewa na mama ambaye hajasahau Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na zaidi ya watu 250 wakaangamia. Barabara ya Dongo Kundu siku hizi inamwezesha mwenye gari kuzunguka hadi kusini bila kuvuka kwa feri. Sisi hatuna gari.

Mwishowe tulirudi palepale Mikindani. Nyumba ya vyumba viwili vya kulala, shilingi 16,000, yenye tangi la maji juu ya paa. Nilimuuliza dalali maji huja siku gani. Akasema kila siku. Nilimshukuru, nikaenda kumuuliza mwanamke aliyekuwa akianika nguo nyumba ya pili. Akasema mara mbili kwa juma, na wakati mwingine hata hivyo hayaji. Msomaji, ukitafuta nyumba mji wowote ule, muulize anayeanika nguo.

Nikaipima Nairobi kwa jicho lile lile

Niliporudi Umoja niliamua kuitendea Nairobi nilivyoitendea Mombasa. Jumatatu hiyo nilitembea na daftari kama mgeni.

Niliamka saa kumi na nusu. Basi la shule lilimchukua mwanangu saa kumi na mbili na dakika kumi, kungali na giza, akiwa amefungwa sweta mpaka puani. Nilipofika kituoni mvua ilianza, na nauli ikapanda mara mbili kabla sijafungua mwavuli. Barabara ya Jogoo ilikuwa imesimama. Juu ya barabara ya Mombasa liko lile daraja refu la kulipia lililofunguliwa mwaka 2022, ambalo humtoa mtu Mlolongo hadi Westlands kama ndege. Lakini matatu yangu haipiti huko, wala mfuko wangu. Jioni niliingia nyumbani saa mbili kasorobo. Yaya alikuwa ameshamlisha mtoto. Alikuwa akisinzia juu ya kitabu cha hesabu.

Maji? Ya Nairobi hutoka zaidi katika bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, nayo pia hayatoshi. Umoja tulikuwa tukiyapata siku mbili kwa juma, nasi tukinunua mitungi siku nyingine. Nilikuwa nimeifutia Mombasa alama kwa dhambi ambayo Nairobi ilikuwa ikiitenda kila siku, ila nilikuwa nimeizoea!

Kisha nikakumbuka jambo ambalo sikuwa nimeliandika mahali popote. Hata kabla ya kuhamishwa, mume wangu alipokuwa akifanya kazi Embakasi na akilala nyumbani kila siku, aliondoka mtoto akiwa amelala na kurudi mtoto akiwa amelala. Umoja na Embakasi si mbali, lakini barabara ya Outering saa za jioni ni kitu kingine, na kazi za makontena hazikuwa na saa. Kumbe hatukuwa tumempoteza baba Februari 2023. Tulikuwa tumeanza kumpoteza mapema, tukiwa chini ya paa moja.

Nikageuza ukurasa mpya. Sikuandika tena hali ya hewa wala samaki. Niliandika jambo moja: kwa juma la kawaida, lisilo la likizo wala la mshahara, ni jioni ngapi sisi watatu tutakula chakula cha usiku pamoja? Nairobi, kama tungeendelea vile, moja kwa majuma mawili. Nairobi, kama mume wangu angeacha kazi arudi, zote, lakini tungekula nini? Mombasa, tano au sita.

Kisingizio changu

Usidhani niliinuka hapo hapo nikafunga mizigo. Palikuwa na mambo mawili.

La kwanza ni kazi yangu. Mhariri wangu alinisikiliza, akaniambia kwamba naweza kuendelea kuandika nikiwa Pwani, ila si kwa mshahara. Ningelipwa kwa kila makala. Nilipiga hesabu nikaona nitapoteza kama thuluthi moja ya kipato changu, na pia ile heshima ndogo ya kuwa na meza yenye jina lako. Nimesomea kazi hii, nikaanza kwa kulipwa nauli tu. Kuirudisha ile meza kuliniuma, na sitakudanganya kwamba sasa haiumi.

La pili ni mama. Nilikwenda Kariobangi Jumamosi moja nikiwa nimejiandaa kulia. Nilimwambia kwamba tunafikiria kuhama, lakini kwa sababu ya kliniki yake pengine tungoje mwaka mmoja au miwili. Nilitarajia ashukuru.

Mama alimaliza kukunja nguo aliyokuwa nayo. "Mimi nina watoto wanne," akasema. "Huyo mtoto ana baba mmoja. Usinifanye mimi kisingizio."

Nilijaribu kumweleza habari za dawa na foleni. Akaniambia ndugu yangu wa Kitengela ana miguu miwili na gari, na kwamba hajawahi kumpeleka kliniki kwa sababu sijawahi kumpa nafasi. Niliinamisha kichwa. Mama alisema kweli. Nilikuwa nimeibeba kazi hiyo peke yangu kwa miaka, nikilalamika, na kila ndugu yangu alipojitolea nikimwambia aache, hajui utaratibu.

Jioni hiyo nilimpigia mume wangu simu, nikamwambia atafute nyumba yenye tangi.

Tulivyohama

Tulihama Desemba 2024, muhula wa tatu ulipokwisha, ili mtoto aanze gredi ya tatu shule mpya pamoja na wenzake Januari. Nakushauri hivyo hivyo ikiwa unaweza. Mtoto anayeingia darasani katikati ya mwaka huingia akiwa amechelewa hata kama si mjinga.

Kuhusu mizigo, malori mengi hupanda bara yakiwa yamejaa bidhaa za bandarini na kurudi Pwani matupu. Ukimpata dereva mwaminifu anayeteremka, utalipa pungufu kuliko kukodi lori linalokwenda mahsusi kwa ajili yako. Tuliacha mablanketi mazito kwa mama. Kabati letu la mbao za kubandika tulilibeba, tukajuta, kwani unyevu uliivimbisha milango katika miezi miwili. Pasi nayo ilishika kutu. Feni mbili na jokofu vinakula umeme kiasi kwamba ule uokozi wa kodi ya nyumba umepungua kuliko tulivyoandika daftarini. Sukuma wiki ikishasafiri kutoka bara hadi soko la Kongowea haiwi na bei ya Umoja.

Kuna lililo zito zaidi. Machi iliyofuata mama aliugua ghafla usiku. Ndugu yangu alinipigia simu saa tano. Nilipanda basi, nikasafiri zile kilomita 480 na ushei nikiwa na simu mkononi, nikiogopa kila ilipolia. Nilifika asubuhi nikamkuta amekaa kitandani akinywa uji, na ndugu yangu amesimama kando, macho mekundu kwa kukesha. Alikuwa amefanya kila nililokuwa nikifanya mimi, na pengine vizuri zaidi. Lakini katika basi lile, kati ya Voi na Mtito Andei, niliilaani Mombasa na daftari na mume wangu na mimi mwenyewe. Nakuambia haya usije ukadhani kuna mji ambao hautakudai chochote.

Neno langu kwako

Wengi huniuliza, je, kati ya miji hii miwili upi ni bora? Nimejifunza kwamba swali hilo halina jibu. Kijana anayemaliza chuo na kutafuta pa kuanzia huenda akaitaka Nairobi, na hatakuwa amekosea. Milango ni mingi zaidi huko, hata kama inagombaniwa. Mtu mwenye mgonjwa anayehitaji daktari bingwa kila juma ana hesabu zake. Usihame kwa sababu mwandishi mmoja wa gazeti amehama.

Ila nakuomba mambo matatu. Nenda ukaukae huo mji juma la kawaida, tena katika mwezi wake mbaya: Mombasa Machi, Nairobi Julai. Kisha rudi uutazame mji wako kwa jicho hilo hilo, maana uliouzoea hujificha. Na kabla ya kuandika alama zozote, jiulize ni kitu gani hasa usichotaka kikuponyoke, ukiandike peke yake juu ya ukurasa. Sisi tuliwapa samaki alama moja na mtoto hatukumwandika kabisa.

Juzi mume wangu alichelewa. Lori lilikuwa limeharibika Changamwe na barabara yote ikaziba. Ilipofika saa moja na robo mwanetu alikwenda barazani, akasimama karibu na Bi Mkubwa, akachungulia njiani. Akarudi ndani amekunja uso.

"Mama," akasema, "saa hizi zote baba yuko wapi?"

Nilimwambia anakuja, akaandae meza. Aliweka sahani tatu, akarudi nje kungoja.